Kisiwa Kilichokatwa Minazi kwa Ajili ya Ndege

Kisiwa cha Cousin, katika Shelisheli, ni kidogo mno: hekta 29 tu, yaani kiasi cha eka 70. Hata hivyo, kukifikia si rahisi. Mashua iliyotutoa Praslin ilitia nanga mbali na pwani, tukahamishwa katika mashua ya kisiwa chenyewe, nayo ikatupeleka kwa kasi hadi mchangani. Sababu yake ni panya. Kisiwa hiki hakina panya, na chombo kigeni chaweza kuwaleta. Wakiingia, mayai na makinda hayatasalimika.

Ndege aliyekipa kisiwa umaarufu hana fahari yoyote. Ni mdogo, wa rangi ya kahawia iliyofifia, ingawa sauti yake ni tamu. Hula wadudu, ambao huwaokota zaidi chini ya majani. Mnazi haumfai kitu, na zamani karibu kisiwa kizima kilikuwa shamba la minazi. Katika miaka ya 1960 walibaki wasiozidi 30, wala duniani hawakuwako mahali pengine.

Mwaka 1968 chama cha kimataifa cha kuhifadhi ndege kilikinunua kisiwa. Minazi ikaondolewa, msitu wa asili ukaachwa uote tena. Nakiri kwamba habari hiyo ilinichoma moyo, maana kwetu mtu akikata mnazi wa jirani hupelekwa barazani. Lakini kufikia miaka ya 1980 ndege walikuwa wamezidi 300.

Hesabu hizo si za kubahatisha. Karibu kila ndege huvishwa pete za rangi miguuni, hata mtazamaji mwenye darubini amjua kila mmoja, mwenzi wake na mpaka wa makao yake, kama karani ajuavyo daftari la kodi. Ndipo ilipoonekana kwamba kisiwa kimejaa: vijana waliokosa mahali pao hubaki kwa wazazi, wakisaidia kulea wadogo zao. Jambo hilo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Vihiga.

Basi mwaka 1988 ndege 29 walihamishiwa Aride, na mwaka 1990 wengine 29 wakapelekwa Cousine. Baadaye zikafuata Denis, mwaka 2004, na Frégate, mwaka 2011.

Tulipokuwa tukingoja mashua ya kurudi, mmoja alitua tawini karibu nami. Mlinzi alizitazama pete zake, akatoa kalamu, akaandika.