Kumngoja Mpanda Baiskeli Kandokando ya Ziwa

Tulitoka Kisumu baada ya sala ya alfajiri, jua likiwa halijachomoza juu ya tambarare za Kano. Baba alitangulia kwa baiskeli. Sisi, mkewe na mabinti wawili, tukafuata kwa gari la kukodi. Alikusudia kufika Kendu Bay, kwenye ufuko wa kusini wa Ghuba ya Winam, mwendo wa zaidi ya kilomita 60. Tangu aambiwe kuwa ana kisukari, baiskeli imekuwa mazoezi yake na furaha yake, na safari hii aliingoja mwaka mzima.

Sharti lake lilikuwa moja: tusimfuate kama askari. Tumpite, tumngoje Ahero, kisha Katito.

Ahero alifika akicheka. Mashamba ya mpunga yanyweshwayo kwa maji ya Mto Nyando yalikuwa kijani kibichi, na yangeyange weupe wakitembea ndani yake. Alikunywa maji akiwa bado juu ya baiskeli, akaenda zake.

Katito hakutokea. Saa mbili u nusu tuliyoagana ilipita, ikafika saa tatu. Simu iliita bila kupokewa. Binti mdogo akauliza, "Mama, turudi?" Ahadi ni deni, nasi tulikuwa tumeahidi. Lakini uhai wa mtu una haki iliyo kubwa zaidi. Tukageuza gari.

Tulimkuta ameketi juu ya mkeka chini ya mwembe, jasho la baridi likimtiririka na mikono ikimtetemeka. Mama mmoja wa pale alimwona akiyumba barabarani, akamshusha, akamkalisha kivulini na kumpa maji. Baba alitujibu maneno yasiyoshikana. Kipimo kilisoma 3.4. Dawa yake alikuwa ameimeza kama kawaida, ilhali chakula cha asubuhi alikigusa tu kwa pupa ya safari.

Tukampa maji ya sukari tuliyoyachukua kwa tahadhari, tukangoja robo saa, tukapima tena: 4.9. Ndipo tukampa tende na mkate. Kila nyumba yenye mgonjwa wa kisukari na ilijue utaratibu huu: kwanza kinywaji kitamu, kisha kungoja na kupima, halafu chakula. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitali.

Baba aliitazama baiskeli kwa muda mrefu. "Ipakieni garini," akasema, wala hatukumjibu neno. Kumsaidia mwenzako ni pamoja na kumwachia huzuni yake.

Tulipoukaribia mji wa Kendu Bay, alikuwa amekula akashiba, na tulikuwa tumempima mara mbili zaidi. Akaomba tusimame. "Kilomita mbili tu," akasema, "nanyi nifuateni kama askari." Tukamfuata polepole, taa za gari zikiwaka, hadi ziwa likaonekana. Msikitini tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, kwa ruhusa aliyopewa msafiri.

Kabla ya kurudi tulikwenda kuona Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililo karibu na mji. Wajaluo husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja ajuza mgeni alifika wakati wa karamu, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkirimu. Ajuza akamwonya aondoke, kisha maji yakakimeza kijiji kizima. Mabinti walisikiliza kimya, na mkubwa akasema, "Yule mama wa mwembe angeokoka."

Jioni tulisimama tena mwembeni, na mkononi tuna leso mpya tuliyoichukua Mombasa kwa zawadi ya nyumbani. "Ero kamano," tulimwambia, ndilo neno la shukrani tulilojifunza kwa lugha yake. Naye alimtazama Baba kwanza, akahakikisha amesimama imara, ndipo akaipokea.