Kabla ya Kumsogeza Motoni

Mwezi wa Julai huku Kinangop hakuna jua la kuanika hata shuka. Ukungu huteremka kutoka milima ya Aberdare tangu jioni, na manyunyu yake hayakatiki mpaka kesho saa nne. Kondoo wangu walizaa katika baridi hiyo mwaka baada ya mwaka, nami nilizika watoto wao nikisema hiyo ni kazi ya baridi.

Usiku ninaoukumbuka zaidi niliwakuta mapacha wamejilaza ukutani mwa zizi, vinywa vyao baridi kama chuma. Niliwafunga ndani ya koti langu, nikawakimbiza jikoni, nikawalaza kando ya moto wa kuni kama mama alivyonifundisha. Wakakauka. Mmoja akainua kichwa, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Haikupita nusu saa, akaanza kupiga mateke, shingo ikapinda kwa nyuma, akafa. Mwenzake akamfuata vivyo hivyo. Niliwashika, walikuwa na joto. Jambo hilo liliniondolea usingizi. Kama muuaji ni baridi, mbona wamekufa wakiwa wamepata moto?

Kulipokucha nilimwendea daktari wa mifugo. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Walikuwa wamenyonya?" Sikujua.

Alinieleza kwamba mwana-kondoo huzaliwa na kuni zake mwenyewe. Kuzunguka figo ana mafuta ya rangi ya kahawia yasiyo na kazi nyingine ila kuchomwa. Anapotoka katika tumbo lenye joto la nyuzi 39 na kuangukia upepo akiwa amelowa, neva zake humwagia mafuta hayo noradrenalini, nayo huwaka bila hata msuli mmoja kutetemeka. Karibu nusu ya joto analoweza kuzalisha hutoka hapo, na lililobaki hutoka kwa kutetemeka. Baridi ikimzidi, anaweza kuzalisha joto hadi mara tano ya lile la mapumziko, kiumbe cha kilo nne tu! Lakini hizo ni kuni za saa chache. Adrenalini huliamuru ini litoe sukari, ini hutii, na kama dang'a haijafika tumboni, ghala huisha. Akipoa sana, mwili hupunguza matumizi. Mimi nikimsogeza motoni, mwili unaamka na kudai sukari ambayo haipo, na ubongo unazimika kwa njaa. Wale mapacha niliwaamsha kwenye nyumba isiyo na chakula.

Nikaanza kusoma kila nilichopata. Ndipo nilipokutana na kazi ya Graham Liggins wa New Zealand, aliyeonyesha katika miaka ya 1960 kwamba mwana-kondoo mwenyewe ndiye anayeanzisha uchungu wa mama yake. Siku za mwisho, tezi zilizo juu ya figo zake hutoa kotisoli kwa wingi. Homoni hiyo tunayoiita ya msongo ndiyo inayokomaza mapafu yake, kuwekea ini lake akiba ya sukari na kuitayarisha homoni ya tezi ya shingo itakayosaidia mafuta kuwaka. Nililisoma jambo hilo mara tatu. Nilikuwa nimezoea kusikia msongo ukitajwa kama sumu, kumbe bila huo mtoto haji duniani akiwa tayari.

Kwa mama yake, hesabu ni nyingine, na hapa nina kosa langu. Kondoo hapati sukari nyingi moja kwa moja kutoka kwenye majani, kwa sababu vijidudu vya tumbo lake hula kwanza. Karibu sukari yote ya damu yake hutengenezwa na ini. Akiwa na mapacha, ini hilo linalisha watatu. Nami kila jioni nilikuwa nikiwarudisha kondoo zizini kwa fimbo na mbwa wawili wanaobweka. Kila mbio ziliwapandishia adrenalini na kotisoli, wakachoma walichohitaji watoto tumboni, na kotisoli inapoendelea hubomoa hata nyama ya mwili ili ipatikane sukari. Sasa mbwa wanafungwa kabla ya kondoo kurudi. Nasimama langoni natikisa ndoo ya pumba, wanakuja wenyewe. Anayekaribia kuzaa simfungii mahali asipomwona mwenzake, maana kondoo akiwa peke yake tu, kotisoli hupanda.

Kipimajoto kinaning'inia kwenye msumari wa mlango wa zizi. Mwana-kondoo wa nyuzi 37 au zaidi, anayeinua kichwa, nampa dang'a na kumkausha. Aliye chini ya hapo na amepitisha saa tano tangu azaliwe hudungwa kwanza glukosi ya vuguvugu tumboni, jinsi daktari alivyoushika mkono wangu akanielekeza, ndipo aende motoni. Asiyeweza kuinua kichwa simmiminii maziwa kinywani, yataishia mapafuni.

Julai iliyopita niliingia jikoni usiku na mmoja wa nyuzi 35. Mama alikuwa anaota moto. Aliinuka kunipisha, kisha akasita, akaziba njia kwa mkono.

"Amenyonya?"

"Bado, mama. Lakini nimeshamdunga sindano."

"Haya, mlete."