Njia ya Miguu Iliyonisomesha

Mpenzi msomaji, kabla hujamlaani mchuuzi aliyetandaza viatu njiani hata ukalazimika kushuka barabarani, nisikilize kidogo. Mimi nilisomeshwa na njia hiyo.

Katika miaka ya tisini, mama yangu aliuza mitumba kando ya barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu. Alitandaza gunia, akapanga nguo za watoto, na askari wa manispaa walipotokea alikunja kila kitu kufumba na kufumbua, akatoweka. Karo yangu ilitoka kwenye gunia hilo. Sare na vitabu pia. Wapita njia waliomkanyagia nguo na kumfokea niliwachukia. Niliwaona watu wasio na utu.

Mwaka jana Mama alipooza upande mmoja. Sasa anatumia kiti cha magurudumu, nami ndiye msukumaji. Siku moja tukitoka kliniki, aliniomba nimpitishe mjini akaone pale alipokuwa akiuzia. Nilikubali kwa furaha, maana njia zilikuwa zimetengenezwa. Kabla ya mkutano wa Africities uliofanyika mjini hapa Mei 2022, sehemu za katikati ya mji zilitandazwa matofali ya kabro, na mwenda kwa miguu naye akapata pake.

Lo! Hatukufika mbali. Boda boda zilikuwa zimeegeshwa juu ya matofali. Mbele yake, duka moja lilikuwa limetoa magodoro nje. Kisha kijana mmoja alikuwa amepanga viatu kutoka ukutani hadi ukingoni. Nikamshusha Mama barabarani kinyumenyume, kwani hapakuwa na mteremko. Matatu ikapiga honi na kupita karibu mno, hata leso yake ikapepea.

Nilimgeukia yule kijana kwa hasira. Mama akanishika mkono.

"Mwache," akasema. "Hata mimi sikuacha nafasi."

Kisha akamwambia kijana, "Mwanangu, sogeza safu moja tu, tupite."

"Pole, mama," akajibu, akasogeza, kisha akanisaidia kupandisha kiti.

Tangu siku hiyo maneno ya Mama hayanitoki. Wachuuzi wamefukuzwa katikati ya mji wetu zaidi ya mara moja, na wamekuwa wakirudi, kwa kuwa mteja yuko pale miguu inapopita. Kuwafukuza tu si dawa. Lakini kuwaachia njia yote si dawa pia. Wataalamu wa mipango ya miji hushauri iachwe mita 2 hivi zilizo wazi kabisa, viti viwili vya magurudumu viweze kupishana. Nafasi inayobaki ndiyo ya kupimiwa mchuuzi, achorewe mstari, ajue mpaka wake. Na penye kivuko pawekwe mteremko usio mkali: kwa kila sentimita 1 ya kimo, urefu uwe 12. Hiyo ni saruji kidogo tu.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali bila vikwazo visivyofaa. Katiba hiyo hiyo inataka wananchi wasikizwe. Basi, msomaji, mipango ya mji inapoletwa mbele ya umma tutoe maoni, wewe huwa wapi? Mara nyingi viti hubaki vitupu, kisha tunalalamika saruji ikishakauka. Safari ijayo nenda. Wewe mwanafunzi, beba utepe wa kupimia. Wewe mwenye duka, mwenye boda boda, mwenye gunia, nenda pia ukaseme unahitaji nafasi kiasi gani. Mimi nitakwenda na Mama, naye atawaeleza mwenyewe, kwa kuwa amekaa pande zote mbili za jambo hili.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Mama alipokuwa akikunja gunia lake na kukimbia, hakujua kwamba siku moja angeomba safu moja ya viatu isogezwe.