Barua ya Madrasa Iliyorejea Nyumbani Kwetu

Mwanzoni mwa Novemba, kwa nafasi yetu ya ukatibu katika kamati ya msikiti, tuliwaandikia barua wazazi wa wanafunzi wa madrasa. Ustadh alikuwa amelalamika kwamba watoto wanasinzia darasani na wanasahau hata sura walizozihifadhi tangu Ramadhani. Barua ilikuwa kali. Tulitaja "uzembe wa wazazi", tukaipiga muhuri, tukawapa watoto wapeleke majumbani.

Siku ya tatu tuliikuta nakala moja ndani ya begi la mwanetu wa darasa la nne, imekunjwa mara nne na kufichwa chini ya madaftari. Tulipomuuliza Ustadh baada ya swala ya Isha, aliinamisha kichwa. Kisha akasema, kwa haya kubwa, kwamba anayelala kuliko wote ni mtoto wa Katibu.

Tulirudi nyumbani na hasira, tukamwamsha kijana ili tumhoji. Aliinuka, akatutazama bila kutuona, akaenda moja kwa moja kwenye viatu vyake vya shule na kuanza kuvivaa. Ilikuwa saa tatu na nusu usiku.

Mama yake alimvua viatu, akamlaza, akamfunika. Kisha akasema, "Baba watoto, barua ile mngeanza kutuandikia sisi."

Usiku ule tulikaa, mume na mke, tukaihesabu siku ya mtoto huyo kwa vidole. Hapa Dar es Salaam mwezi wa Novemba adhana ya Alfajiri inakaribia saa kumi na moja, na gari la shule linapita saa kumi na moja na robo. Anaswali mbio mbio, chai anainywea njiani. Anarudi alasiri, anabadili sare kwa kanzu, anakwenda madrasa hadi Magharibi, na baada ya Isha anafungua madaftari. Jumamosi nayo ilikuwa ya masomo ya ziada kwa ajili ya Upimaji wa Kitaifa. Upimaji ulikwisha Oktoba, masomo ya ziada hayakukoma. Dada yake alikuwa na wake wa kidato cha pili, na mama yao, ambaye ni fundi cherehani, alishona sare za watu za Januari hadi usiku wa manane. Sisi tulikuwa tukipiga hesabu za ada. Wiki ile ile tulikuwa tumegombana kwa sababu ya sukari kwenye chai. Nyumba nzima ilikuwa imechoka, na kila mmoja akimwona mwenzake kuwa ndiye mwenye tabia mbaya.

Chuoni tuliisoma hadithi ya Anas (R.A.), iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaelezwa kuwa ni ya Bibi Zaynab (R.A.), ambaye huishika akichoka katika swala. Akaamuru ifunguliwe, na akaelekeza kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka apumzike. Tuliifanyia mtihani hadithi hiyo na tukafaulu. Haikutupitia akilini kwamba siku moja tungemfungia kamba mtoto wa miaka kumi, ncha moja shuleni na nyingine madrasa. Tena Bibi Zaynab alijifungia mwenyewe kwa mapenzi ya ibada. Mwanetu hakuulizwa.

Kikao cha kamati kilichofuata kilikuwa na ajenda tuliyoiandaa sisi wenyewe: madrasa ya likizo, kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi Adhuhuri, tangu siku shule zinapofungwa. Tuliomba kuiondoa. Mzee mmoja alipinga, na hoja yake haikuwa nyepesi. Alisema mtoto asiyekuwa madrasa mwezi wa Disemba yuko mbele ya runinga au mtaani, na yanayofundishwa huko tunayajua. Mjadala ulikuwa mrefu hadi mtu mmoja akakumbuka kumuuliza Ustadh, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Akasema hajakwenda kumwona mama yake kijijini tangu Idi.

Baada ya hapo hapakuwa na ubishi mwingi. Ikakubaliwa kwamba hadi shule zifungwe madrasa iwe siku tatu kwa wiki, kisha ifungwe wiki mbili kamili, na nauli ya Ustadh itoke kwenye mfuko wa msikiti.

Barua ya pili tuliiandika sisi pia. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza na ilituchukua muda mrefu zaidi, hasa pale palipohitaji maneno "tunaomba radhi". Wapo wazazi ambao hawakuipenda, na mmoja alituambia wazi kwamba kamati imelegea.

Jumamosi ya kwanza ya likizo mwanetu aliswali Alfajiri pamoja nasi kwa jamaa, safari hii bila kukimbia. Akarudi, akajitupa kitandani na kanzu yake, akalala hadi saa nne. Mama yake hakugusa cherehani asubuhi ile. Sisi tulikaa barazani, tukiwarudisha kwa sauti ya chini watoto wa jirani waliokuja kumwita akacheze.