Salfa ya Mjomba

Mirathi ya mjomba ilipogawanywa hapa Ziwani, mikorosho ilihesabiwa mti kwa mti. Land Rover 109 hakuna aliyeitaja. Ilikuwa chini ya mkorosho mkubwa nyuma ya nyumba, matairi yamezama mchangani, mabibo yakiliangukia boneti kila msimu. Nikasema nitaichukua mimi, na watu wakanitazama kama aliyerithi deni.

Kwa mbali utadhani ni nzima. Land Rover za mwanzo, mwaka 1948, zilivalishwa bodi la aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na desturi hiyo ikaendelea. Lakini chasisi ni chuma, na pwani hii chumvi haimsamehe mtu. Zaidi ya hapo, aluminiamu na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu nayo huliwa, ikabaki unga mweupe. Niliufuta kwa vidole kila nilipofungua boliti.

Kwenye mishono ya viti nilikuta unga wa namna nyingine, wa manjano. Mtu wa Mtwara haulizi ni nini. Mikorosho ikichanua hupuliziwa salfa ili ubwiriunga usiyakaushe maua, na mjomba aliisomba mifuko yake kwa gari hili hadi nguvu zilipomwishia. Salfa ilikuwa nyuma ya dashibodi, chini ya mikeka, ndani ya kila pembe. Harufu yake ndiyo iliyokuwa harufu ya mjomba: shati, kofia, mkono unaokupa kipande cha samaki. Siku hiyo sikushika spana tena.

Fundi wa kuchomelea alipopita kukagua, hakuzunguka. “Kaka, ukiacha hii manjano, nitachomelea bure.” Salfa ikikaa na unyevu huzaa asidi polepole, na asidi hula chuma. Yaani kile nilichotaka kibaki ndicho kilichokuwa kikilimaliza gari.

Wapo watakaosema gari likiwaka, mzee amerudi kidogo. Mimi sioni hivyo. Lake lilikuwa gari la barabara mbovu. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika yakikolea, safari ya Dar es Salaam ilikuwa ya kuomba Mungu. Hata huku kwetu, mwenye Land Rover nzima ndiye aliyegongewa mlango usiku: mjamzito, mgonjwa, maiti ya kurudishwa kijijini. Siku hizi hugongewa wa bodaboda. Mjomba mwenye kugongewa mlango alikufa kabla ya mjomba mwenyewe, na hatukumwekea matanga, kwani nani alilie matope?

Basi nimeosha. Maji ya moto, sabuni, brashi ngumu. Yalitoka manjano, yakapauka, mwishowe yakawa maji tu. Mkaza mjomba akaja kuuliza mbona milango yote iko wazi. Nikamwambia nakausha. Akatazama ndani, kisha akauliza mto wa kiti cha dereva uko wapi. Ulikuwa kwenye rundo la kuchomwa. Akauchomoa, akaukung'uta mara moja tu, akaingia nao nyumbani. Sikumzuia. Mto hauna chuma. Fundi anakuja Jumamosi kuanza chasisi.