Ramani na Nchi

Msafiri aliyepotea huilaumu njia, kumbe pengine kosa li katika ramani aliyoishika mkononi. Wazo hili ndilo mlango wa elimu iitwayo programu ya neva na lugha, iliyochipuka Santa Cruz, California, katika miaka ya 1970. Richard Bandler, mwanafunzi, na John Grinder, mwalimu wa isimu, waliwachunguza waganga wa nafsi waliosifika, Fritz Perls, Virginia Satir na Milton Erickson, ili wajue maneno yao yaliwageuzaje watu. Kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1975.

Elimu hiyo husimama juu ya imani chache. Ya kwanza, iliyorithiwa kwa Alfred Korzybski, ni kuwa picha ya ulimwengu iliyo moyoni mwa mtu si ulimwengu wenyewe. Ya pili, kila tendo, hata baya, lina nia ya kumfaa mtendaji. Ya tatu, kila mtu anayo akiba ya kutosha ya kujigeuza. Ya nne, kushindwa ni habari tu inayomrudia mtendaji ajaribu tena. Mswahili haoni ugeni hapo, kwani alikwisha sema kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Maisha ya Erickson huonyesha nguvu ya imani hizo na mpaka wake. Mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 17, alipatwa na polio akapooza. Alisimulia kuwa aliwasikia madaktari wakimwambia mama yake kuwa mwanawe hataiona asubuhi. Aliiona. Kutoka kitandani alimtazama ndugu yake mchanga wa kike akijifunza kusimama, naye akajifunza upya pamoja naye. Akatembea, akawa daktari. Lakini alitembea kwa mkongojo, na uzeeni alitumia kiti cha magurudumu. Imani ilimpa hatua. Haikumpa mwili mpya.

Hapa pana hatari. Amwambiaye maskini au mgonjwa kuwa akiba yote anayo, humwongezea aibu juu ya taabu: asipopona, lawama ni yake. Wataalamu nao wameipima elimu hii wakaiona pungufu. Mwaka 1988 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani haikupata ushahidi wa kutosha wa madai yake, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012 hayakuliunga mkono dai la wafuasi wengi kwamba macho ya mwongo humfichua.

Je, zitupwe imani hizo? La. Walimu wengi wa elimu hiyo hukiri kuwa hazikuwekwa kwa kuwa ni kweli, bali kwa kuwa humfaa azifuataye. Basi na zipimwe kwa ile ya kwanza: imani nayo ni ramani. Mwenye busara huishika safarini, na akifika penye mto usiochorwa, huuamini mto.