Tungoje Nini?

Wapendwa vijana, ninataka kuwasimulia kosa langu, kwa sababu ni kosa litendwalo kwa sauti ya upole, na aliyelitenda hurudi nyumbani akijiona mwenye busara.

Miaka michache iliyopita, hapa Bukavu, wazazi wa familia 5 za mtaa wetu walitaka kupanga nyumba moja kwa ajili ya watoto wao. Ninasema watoto, lakini wote walikuwa watu wazima wenye ulemavu wa akili. Mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka 34. Wangeishi pamoja, wakisaidiwa na watu 2 ambao wangelala humo. Wangepika, wangefua, wangekwenda sokoni, wakizoea maisha hayo wazazi wao wakiwa bado hai. Mwenye nyumba alikubali. Mkuu wa mtaa akasema kwamba ni lazima majirani waulizwe kwanza.

Tulikutana Jumapili baada ya Misa. Mabenchi yalipangwa na yule mkubwa wao, kama alivyozoea kufanya kabla ya kila mkutano. Alipomaliza, aliambiwa angoje nje.

Mmoja wetu alisema kwamba watapiga kelele usiku. Mwingine alihofu kwamba wanafunzi wapitao njiani watawacheka. Wa tatu alikumbusha kwamba kiwanja kiko kwenye mteremko: udongo ukiporomoka wakati wa mvua, nani atawaokoa? Tuliitikia kwa vichwa, ingawa nyumba zetu zote zimejengwa kwenye mteremko ule ule. Nilipopewa nafasi ya kusema, nilitamka hivi: «Tusikatae, ila tungoje kwanza.» Watu walifurahi, kwa kuwa hakuna aliyelazimika kusema hapana. Baada ya wiki 3 nyumba ile ilipangishwa kwa familia nyingine. Juu ya hao hatukuitwa mkutanoni.

Baadaye, nikisoma habari za haki za watu wenye ulemavu, nilikuta mkutano wetu katika nchi ya mbali. Huko Cleburne, mji wa jimbo la Texas nchini Marekani, mwaka 1980 ilinunuliwa nyumba ili watu 13 wenye ulemavu wa akili waishi humo pamoja na wasaidizi wao. Baraza la mji likadai kibali cha pekee, kisha likakinyima kwa kura 3 dhidi ya 1. Sababu zake nilizijua kabla sijazimaliza kuzisoma: majirani wana hofu, wanafunzi wa shule iliyo ng'ambo ya barabara watawasumbua, eneo linaweza kufurika maji. Tarehe 1 Julai 1985, Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha dai hilo. Hakimu Byron White aliandika kwamba hospitali, nyumba za wazee na mabweni ya wanafunzi hayakudaiwa kibali kama hicho mahali pale pale. Tena, katika shule ile ile walisoma wanafunzi wapatao 30 wenye ulemavu wa akili. Maji yakifurika hayachagui mlango. Kumbe kilichokuwa kimebaki ni woga tu.

Nasi pia tunazo sheria. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imefafanua haki zao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 2015, unasema katika kifungu cha 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali pa kuishi, sawasawa na wengine. Lakini hakimu hakai katika mkutano wa mtaa. Tunakaa sisi.

Kuuliza si vibaya. Nani atawalipa wasaidizi? Mgonjwa atapelekwaje hospitali usiku? Maswali kama hayo husaidia nyumba isimame. Yetu yalikuwa ya kutafuta sababu ya kufunga mlango, na hata hayo hatukuwauliza wale 5 wenyewe. Siku hizi, kabla ya kusema neno, ninajiuliza: je, mpangaji mwingine ningemdai jambo hili?

Nilikwenda kwa mama wa yule aliyepanga mabenchi, nikamwomba msamaha. Alinipa kiti, akasema: «Baba, ulisema tungoje. Tungoje nini? Mimi ninazeeka.» Kisha akaongeza: «Msamaha nimekupa. Nyumba bado.»

Sasa ninazunguka pamoja naye kutafuta nyumba nyingine. Tukiipata, majirani wataitwa tena. Vijana, njoni siku hiyo, na msikubali yule ndugu yetu aachwe nje.